Kutoa stika za maandishi zilizozeeka kwenye gari, kioo na ubao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yetu hapa karakana, Dar es Salaam, ni kukata na kubandika maandishi: jina la kampuni mlangoni mwa gari, namba ya simu kwenye kioo cha duka, ubao wa zahanati. Lakini kabla jipya halijabandikwa, mara nyingi kuna la zamani la kutoa, na hapo ndipo gari la mtu huharibika. Linaletwa gari, Hiace nyeupe iliyotoka Japani. Mlangoni palikuwa na maandishi ya Kijapani ya biashara iliyokuwa ikilitumia huko, na sasa pana mikwaruzo ya kisu cha jikoni, mingine imefika kwenye bati. Inauma, kwa sababu maandishi yale yangetoka bila kisu. Haya ndiyo maswali tunayoulizwa zaidi, na majibu tunayowapa wateja wanaotaka kuifanya kazi wenyewe nyumbani.

Nianzie wapi?

Anza kwa kujua kwamba mbele yako kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kutoa plastiki, yaani stika yenyewe unayoiona kwa rangi yake. Ya pili ni kutoa gundi iliyo chini yake. Plastiki hutoka kwa joto, gundi hutoka kwa mafuta. Ukizichanganya ndipo tabu inapoanza.

Mtu akimwaga mafuta ya taa juu ya stika nzima, anayamwaga bure. Stika hizi ni za vinaili, plastiki ya jamii moja na mabomba ya PVC, na kimiminika hakipenyi humo. Mafuta yatateleza mpaka chini na gundi itabaki ilivyo. Na anayetumia wembe kwa kazi zote mbili atamaliza haraka kweli, kisha aanze kumtafuta fundi rangi.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: osha sehemu kwa sabuni na maji ili mchanga usije ukawa msasa chini ya vidole vyako, pasha joto, vuta plastiki yote mpaka iishe, acha bodi ipoe, ndipo ushughulikie gundi. Mwishoni osha tena.

Kwa nini stika mpya hutoka kipande kizima, na ya zamani inakatika vipande kama ganda la yai?

Vinaili ikiwa peke yake ni ngumu. Kiwandani huongezewa dawa ya kuilainisha ili ijipinde na kufuata umbo la bodi. Miaka inavyokwenda dawa hiyo hutoka polepole, nyingine huingia kwenye gundi, na jua nalo linaichoma plastiki kutoka juu. Inayobaki ni ganda kavu. Ukishika pembe unapata kipande cha ukubwa wa ukucha, unaanza tena.

Aina ya stika nayo ina mchango. Kuna vinaili ya bei ya chini, iliyobanwa kwenye rola kama chapati inavyosukumwa. Huwa nene kidogo, na baada ya miaka michache inasinyaa na kuacha mstari mweusi wa gundi na vumbi pembeni. Kuna vinaili iliyomiminwa ikiwa uji kisha ikakaushwa. Hiyo ni nyembamba, haisinyai sana, na inaweza kukaa miaka 7 hadi 10 ikiwa bado inatoka vizuri. Ile ya kubanwa huhesabiwa miaka 3 hadi 5. Hesabu hizo watengenezaji wenyewe huzipunguza kwa nchi za jua kali kama zetu, na stika ya boneti au ya paa huchakaa kabla ya ile ya mlangoni, maana jua la saa saba linaipiga wima.

Gundi nazo hazilingani. Vinaili ya Oracal 631, kwa mfano, imetengenezwa kwa maonyesho na kuta za ndani, ije itolewe baadaye. Oracal 651 imetengenezwa ikae nje. Ukimpa mtu kazi ya tangazo la miezi mitatu, mwulize anabandika ipi. Swali hilo moja litakuokolea siku nzima ya kukwangua.

Sina mashine ya hewa ya moto. Nitapashaje?

Jua unalo. Egesha gari ubavu wenye maandishi ukielekea jua, kuanzia saa tano asubuhi hivi, na saa nane mchana bati litakuwa limeshika joto la kutosha. Gari la rangi nyeusi au buluu iliyokoza hupata moto haraka; jeupe linachelewa. Mimi binafsi napenda jua kuliko mashine kwa stika kubwa, kwa sababu linapasha bodi nzima sawasawa na haliunguzi.

Draya ya nywele inatosha kabisa kwa herufi moja moja. Iweke mbali kiasi cha upana wa kiganja, izungushe, usiisimamishe mahali pamoja. Pima kwa mkono: bonyeza kiganja kwenye bodi. Kikivumilia sekunde mbili tatu kisha ukatamani kukitoa, joto limefika. Kama huwezi kugusa kabisa, umezidisha.

Watu wengi hudhani joto likizidi ndiyo kazi inakwenda. Sivyo. Plastiki ikipata moto mno inalegea na kunyooka kama ubani uliotafunwa, inaacha gundi yote kwenye bodi, na umejiongezea kazi ya pili badala ya kuipunguza. Mashine ya mafundi ya hewa ya moto inaweza kufika nyuzi mia kadhaa na ikavimbisha rangi mara moja. Kama umeazima moja, iweke kwenye joto la chini kabisa.

Umeme ukikatika, kuna taulo na maji ya moto. Lichovye, likamue, libandike juu ya maandishi dakika moja au mbili, rudia. Kwenye kioo tumia maji ya uvuguvugu tu. Maji yanayochemka juu ya kioo kilicholala baridi usiku kucha yanaweza kukipasua.

Navuta vipi hasa?

Tuchukue herufi moja, tuseme M ya urefu wa kiganja. Usianzie kwenye ncha kali katikati, anzia mguu mmoja chini. Pasha mguu huo. Inua pembe yake kwa ukucha, au kwa kadi ya plastiki ya zamani uliyoinoa kidogo kwenye sakafu. Usitumie bisibisi, usitumie kisu. Pembe ikishainuka, ikunje irudi nyuma juu ya herufi yenyewe, karibu kulala kwenye bodi, kisha vuta taratibu sana. Ukitazama kwa karibu pale inapoachana na rangi utaona nyuzi nyembamba za gundi zinanyooka na kukatika moja moja. Vuta kwa mwendo unaoziwezesha nyuzi hizo kutoka pamoja na stika. Ukiziona zinabaki kwenye bodi, punguza mwendo au punguza joto. Ikikatika ghafla, imepoa: pasha tena.

Ukifika kwenye kona ya juu ya M, simama, pasha mguu unaofuata, endelea. Kwa herufi zenye tundu kama O na A, kata sehemu moja kwa kuvuta mpaka iachane, usijaribu kuitoa kama pete.

Namba za simu ndogo ndogo ndizo zinazochosha zaidi kuliko jina kubwa. Zipashe zote pamoja, kisha sukuma kila tarakimu kwa kidole gumba ukiizungusha. Nyingi zitajikunja na kutoka.

Plastiki imetoka, gundi imebaki inanata. Nitumie nini?

Ukiwa na mafuta ya taa nyumbani, unayo dawa. Subiri kwanza bodi ipoe kabisa, na hili silisemi kwa mazoea tu. Mvuke wa mafuta ya taa huanza kuweza kushika moto kuanzia nyuzi 38 hivi, na bati lililoachwa juani linapita hapo. Hamisha gari kivulini, zima draya, weka mbali jiko na sigara, ndipo ufungue chupa.

Lowesha kitambaa cha pamba, kibandike juu ya gundi, na uache dakika tano mpaka kumi. Hapa ndipo wengi wanakosa subira, wanaanza kusugua papo hapo. Gundi inahitaji kunywa mafuta na kuvimba. Ikishavimba, isukume kwa kadi ya plastiki au kidole gumba, itajiviringa kama unga wa maandazi. Kilichobaki kipanguse kwa kitambaa kingine kilicholoweshwa mafuta ya taa, ukigeuza upande safi kila mara. Ukitumia kitambaa kimoja kilichojaa gundi utakuwa unaihamisha tu kutoka sehemu moja ya mlango kwenda nyingine.

Mafuta ya kula, ya alizeti au yoyote, yanafanya kazi hiyo hiyo kwa mwendo wa polepole. Yaache nusu saa au zaidi. Ndiyo tunayopendekeza kwa vyombo vya jikoni, friji, na nyumba yenye watoto. Spiriti ya hospitali nayo ni nzuri kwa mabaki membamba, ila hukauka upesi kabla haijaingia ndani ya gundi nene, kwa hiyo tunaiacha iwe ya mwisho. Maganda ya machungwa yanasifiwa sana; ni kweli mafuta yaliyo ndani ya ganda hulainisha gundi, na dawa kadhaa za dukani za kutolea stika zimetengenezwa kwayo, lakini kwa mlango mzima wa gari utahitaji gunia.

Chochote cha mafuta ulichotumia, kioshe kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji mengi. Mafuta ya taa yanaacha utando usioonekana, na utando huo unavuta vumbi.

Petroli inatoa haraka zaidi. Kwa nini mnaikataza?

Kwa sababu mvuke wa petroli unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke wenyewe ni mzito, unatambaa chini mpaka ukute cheche: jiko la mkaa la mama lishe jirani, swichi, simu inayochajiwa. Anayeifuta gundi kwa petroli kibarazani mwa duka anahatarisha duka zima. Pia ina kemikali zinazopenya ngozini. Hatuitumii, na hatumruhusu mteja aitumie hapa kwetu.

Na thina?

Hii nilijifunza kwa gharama. Miaka yangu ya mwanzo nililetewa Noah, nikatoa maandishi mlangoni vizuri, gundi ikawa ngumu, nikachukua thina ya rangi za gari. Kitambaa changu kikageuka buluu. Buluu hiyo ilikuwa rangi ya mlango. Gari lilikuwa limepigwa rangi upya gereji, bila klia ya kutosha juu, yaani ule utando wa mwisho unaopitisha mwanga na kuikinga rangi, na thina ni kitu kile kile kinachoyeyushia rangi za namna hiyo. Mwenye gari alisimama pembeni akitazama. Nililipa mlango.

Rangi ya kiwandani iliyookwa inaivumilia thina kwa pangusa moja ya haraka, lakini kwa kutazama tu huwezi kuwa na uhakika kwamba ni ya kiwandani. Kama lazima uitumie dawa yoyote usiyoizoea, ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingo wa ndani wa mlango, na uangalie kitambaa. Kikibeba rangi, acha hapo hapo.

Nitajuaje kama gari limepigwa rangi upya?

Fungua mlango, angalia raba na bawaba. Fundi wa gereji mara nyingi huacha rangi imegusa raba au imeishia kwa mstari pale alipobandika gazeti. Chungulia ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta kama rangi inafanana. Pitisha kiganja: rangi ya gereji mara nyingi ina chembe za vumbi zilizogandia ndani.

Ukishajua imepigwa upya, ongeza uangalifu maradufu. Stika yenye gundi kali inaweza kung'oka pamoja na rangi, hasa kama chini hakukuwekwa praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, au bati halikusuguliwa vizuri. Pasha zaidi kidogo, vuta ukiilaza kabisa kwenye bodi, na anzia herufi ambayo haitakuumiza ikiharibika. Mwambie mwenye gari kabla hujagusa. Sisi tunaandika kwenye karatasi ya kazi na anasaini, si kwa kumkwepa, bali ili aamue mwenyewe kama aiache stika au aitoe.

Kwenye kioo cha duka naweza kutumia wembe?

Ndiyo, kioo ndiyo sehemu pekee ambapo wembe ni rafiki. Ila uwe mpya, na kioo kiwe kimelowa maji ya sabuni muda wote. Ulaze, uelekeze mbele, sukuma upande mmoja tu. Ukiurudisha nyuma huku umegusa kioo, chembe ya mchanga iliyonaswa chini yake itachora mstari ambao hautatoka. Inua, rudi, sukuma tena. Wembe ukianza kuruka au kulia, utupe. Wembe mtupu unakata vidole. Nunua kishikio chake, vinauzwa maduka ya vifaa vya ujenzi.

Kabla ya yote gusa kwa ukucha ujue maandishi yako ndani au nje. Maduka mengi hubandikwa kwa ndani ili mvua na watoto wasiyafikie. Nimemwona kijana amekwangua nje ya kioo robo saa.

Kioo cha nyuma cha gari je?

Hapo weka wembe chini. Kioo cha nyuma cha magari mengi kina mistari myembamba ya kuondolea ukungu, imechapwa kwa upande wa ndani. Ukikata mstari mmoja umeua mstari huo. Kama pana tinti, nayo kwa kawaida iko ndani, na wembe utaichana. Stika za ndani zipashe kwa draya, zivute, gundi itoe kwa kitambaa chenye mafuta ya kula au spiriti kidogo. Dawa za vioo zenye amonia huharibu tinti. Angalia chupa kabla hujapuliza.

Magari ya kutoka Japani huja na stika zao vioo vya mbele na nyuma, pamoja na ile ya kubadilisha oili kwenye ukingo wa mlango. Ya oili isome kabla hujaitoa. Mara nyingi imeandikwa kilomita za gari siku oili ilipobadilishwa, na ukilinganisha na dashibodi unaweza kujua kama namba zimerudishwa nyuma. Sisi tunampa mwenye gari apige picha kwanza.

Kioo changu cha mbele kina stika za miaka mingi zimepandana. Nafanyaje?

Za bima, za Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, na kwenye magari ya zamani bado unakuta ile ya ada ya mwaka iliyofutwa 2017. Nyingi ni za karatasi, kwa hiyo mambo yanageuka: karatasi inapitisha maji. Ikwaruze juu kidogo, bandika tambara lililolowa maji ya sabuni, lifunike kwa nailoni lisikauke, subiri nusu saa. Zitatoka kama uji. Ila usiguse stika ambayo bado inatumika kisheria.

Helmeti, taa, perspeksi, bampa?

Plastiki ndiyo inayotaka heshima kubwa. Asetoni, yaani dawa ya kutolea rangi ya kucha, inayeyusha perspeksi, plastiki ngumu inayofanana na kioo, na aina nyingine nyingi za plastiki ngumu. Unapangusa mara moja, linabaki wingu jeupe au nyufa ndogo kama utando wa buibui. Thina na petroli hali kadhalika. Mbao nyingi za matangazo yenye taa ndani zimetengenezwa kwa perspeksi, na zinapokwishapata wingu hilo dawa ni kununua mpya.

Kwa helmeti ya bodaboda sisemi juu ya uzuri tu. Dawa hizi zinaweza kudhoofisha ganda lake bila wewe kuona chochote, na ganda hilo ndilo linalokinga kichwa. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni, mafuta ya kula na kidole gumba. Joto la draya liwe dogo. Ikigoma, bora uendeshe na stika ya zamani.

Mbao za alukobondi zina rangi iliyookwa juu ya bati jembamba la alumini. Zitendee kama mlango wa gari.

Nimetoa kila kitu, nimeosha, lakini jina la zamani bado linasomeka. Kwa nini?

Swali hili ndilo linalowavunja moyo wengi. Hakuna gundi, hakuna plastiki, unapitisha mkono ni laini, na bado ukisimama pembeni unasoma jina la kampuni iliyokufa miaka mitano iliyopita.

Unachokiona ni tofauti ya umri. Rangi iliyokuwa chini ya herufi ilikingwa dhidi ya jua. Ile iliyozunguka ilichomwa, ikapauka na kukosa mng'ao. Herufi zimebaki na rangi ya siku gari lilipokuwa changa. Ndiyo maana kusugua ndani ya herufi hakusaidii: hapo ndipo pazima. Panapotakiwa kusuguliwa ni pembeni, pale palipopauka, ili utando wa juu uliokufa utoke na rangi iliyo hai ionekane.

Osha kwanza, kisha chukua kompaundi laini, ile dawa ya kusugulia na kung'arisha rangi, na kitambaa, sugua eneo pana, mlango mzima ikiwezekana, kwa mzunguko mdogo mdogo. Kitambaa kikibeba rangi ya gari kwenye gari la zamani lisilo na klia, ni kawaida, huo ndio utando uliokufa. Ila usizidishe mahali pamoja, na kwenye kingo za mlango rangi ni nyembamba, pita juu juu. Kisha paka waksi. Nyekundu hupauka vibaya kuliko nyingi na huacha kivuli kikubwa. Nyeupe huwa nafuu, mara nyingi kinachobaki ni mstari wa uchafu tu kuzunguka herufi, unaotoka kwa mafuta ya taa na mswaki laini.

Kivuli kingine hakitaisha kwa kompaundi. Klia ikishakufa na kuanza kubanduka, hapo ni rangi mpya, au ubandike jina lako kubwa kuliko la zamani lilifunike. Tumefanya hivyo mara nyingi na wateja wameridhika. Au uache: jua litakula herufi nazo, baada ya miezi mingi zitalingana na pembeni.

Fundi mmoja ana gurudumu la raba la kufunga kwenye drili. Ni salama?

Kwenye rangi ya kiwandani, mikononi mwa mtu mtulivu, ndiyo, na linafuta stika zilizokauka na gundi yake kwa pamoja kama kifutio cha penseli. Hatari yake ni joto la msuguano. Drili iende mwendo wa chini, gurudumu litembee muda wote, bila kukandamiza. Likisimama mahali pamoja sekunde chache linachoma rangi. Kwenye plastiki, rangi ya gereji na kingo, hapana.

Kuta na mbao?

Ukuta wa rangi ya maji: draya, taratibu, na ujiandae kupiga rangi viraka, maana baadhi itatoka hata ufanyeje. Mlango wa mbao wenye vanishi: joto na mafuta ya kula tu. Spiriti na thina huyeyusha vanishi nyingi.

Mikanda inayoakisi taa usiku, nayo niitoe ili gari lipendeze?

Usiitoe. Mkanda ule kwenye ubavu na nyuma ya lori ndio unaomwonyesha dereva anayekuja kwamba mbele kuna kitu kimesimama gizani. Ukichakaa badilisha, na siku hiyo hiyo. Hali kadhalika alama za lazima za magari ya abiria: nchini Kenya matatu hubeba mstari wa njano ubavuni kwa kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 wakati wa Waziri John Michuki, na Dar es Salaam daladala hutambulikana kwa rangi za njia. Mteja akitaka tuondoe hizo, tunamwomba kwanza karatasi za mabadiliko ya matumizi ya gari.

Kwa mkanda uliochakaa kweli: hutoka kwa tabaka, juu plastiki inayovunjika kama biskuti, chini karatasi ya rangi ya fedha. Tenga siku nzima.

Nimenunua gari lililokuwa la shirika. Ni lazima nitoe nembo?

Itoe kabla hujaanza kulitumia. Watu hufungua geti na kutoa taarifa zao kwa kuamini maandishi ya mlangoni. Gari lenye neno la wagonjwa, likawa linabeba mizigo, linawafanya madereva wachoke kulipisha njia, na anayeumia ni mgonjwa wa kesho. Na muuzaji naye angepaswa kuitoa kabla ya kukabidhi funguo. Ukinunua, mdai hilo.

Mabaki ya stika niyachome?

Hapana. Vinaili ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, yenye asidi, inayochoma macho na mapafu. Usiitupe kwenye jiko wala kwenye lundo la majani. Ikunje upande wa gundi kwa ndani, itie kwenye mfuko wa taka. Matambara yenye mafuta ya taa yatandaze nje yakauke kwanza mbali na moto, usiyarundike yakiwa mabichi.

Naweza kubandika maandishi mapya siku hiyo hiyo?

Kama bodi ni ile ile na rangi haikuguswa, ndiyo. Osha kwa sabuni mara mbili, kausha, halafu pangusa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa manyoya. Mwaga maji kidogo juu: yakitandaa sawasawa, pako safi, yakijikusanya kama matone kwenye jani la mgomba, bado kuna mafuta au waksi, na stika yako itaanza kuinuka kwenye kona kabla mwezi haujaisha. Uliyepaka waksi kuondoa kivuli, hili linakuhusu zaidi.

Kama mlango umepigwa rangi mpya, usiwe na haraka. Rangi ya gereji huendelea kutoa mvuke wa thina kwa wiki kadhaa ingawa mkononi imekauka, na mvuke ukifungiwa chini ya vinaili huinua mapovu. Tunasubiri wiki tatu hadi nne. Mteja mwenye haraka tunambandikia kwanza kwenye kioo cha nyuma kwa nje, jina na namba ya simu, kisha mlango unafuata rangi ikishakomaa.